Kiongozi wa Kikosi si Kiranja

Kila aliyesoma shule ya msingi katika Afrika Mashariki anaikumbuka ile karatasi. Mwalimu anatoka darasani, kiranja anasimama mbele, anachana ukurasa wa daftari na kuanza kuandika majina ya wapiga kelele. Rafiki yake hamwandiki. Aliyemnyima kipande cha muhogo jana, jina lake linapigiwa mstari mara mbili. Mwalimu akirudi, karatasi inakabidhiwa, fimbo inapita, na kiranja anakwenda kukaa. Kwa watoto wengi hilo ndilo somo la kwanza la uongozi: kiongozi ni yule anayesimama wenzake wakiwa wamekaa, na kazi yake ni kuwasemea kwa mkubwa.

Skauti ilikusudiwa kufundisha jambo lililo kinyume na hilo. Hata hivyo, mtoto anapovaa skafu kwa mara ya kwanza huja na karatasi ile kichwani, na walezi wengi, ambao ni walimu waliokwisha kuchoshwa na vipindi vya wiki nzima, huiacha ikae humo humo. Kiongozi wa kikosi anachaguliwa Ijumaa. Jumatatu ameshapata filimbi. Mwezi haujaisha, anawarusha wenzake kichurachura kwa kosa la kuchelewa. Kazi ya kundi zima inabaki kuwa gwaride na kuwapangia wageni viti siku ya mahafali. Mlezi wa kundi kama hilo ana viranja waliovaa skafu. Viongozi bado hajapata.

Kuna kisa cha Tabora kinachofaa kukumbukwa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Uingereza. Michezo haikumvutia; alipenda vitabu na midahalo, na baada ya kukisoma kitabu cha Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alisaidia kuianzisha skauti shuleni hapo. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule akakataa, kwa hoja kwamba kijana huyo alikuwa mpole mno kwa kazi ile. Mwaka 1961 kijana huyo huyo ndiye aliyeiongoza Tanganyika kupata uhuru bila vita. Mkuu wa shule hakukosea kuhusu upole wake. Alikosea kuhusu kazi yenyewe, na walezi wanaoendelea kumtafuta mtoto mwenye sauti kubwa kuliko wote wanarudia kosa lile lile.

Kikosi, ambacho skauti wengi bado wanakiita patroli, ni watoto sita hadi wanane wanaokaa, kupika, kucheza na kutembea pamoja chini ya mwenzao mmoja. Kina jina la mnyama au ndege, bendera yake, mlio wake na kona yake uwanjani. Agosti 1907, Robert Baden-Powell alipopiga kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, kusini mwa Uingereza, alikuwa na wavulana wapatao 20 tu. Baadhi walitoka shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa kawaida wa miji ya Poole na Bournemouth. Aliwachanganya na kuwagawa katika vikosi vinne, kila kikosi na hema lake, na kila kiongozi akaambiwa wazi kwamba mwenendo wa kikosi chake uko mikononi mwake, mchana na usiku. Kila usiku kikosi kimoja kilipewa unga, viazi, nyama na chai, kikaenda mahali pa mbali kidogo na kambi, kikajipikia, kikapanga zamu za ulinzi na kulala huko. Hakuna mkubwa aliyekwenda kuwakorogea sufuria.

Wazo hilo halikumjia pale kisiwani. Kati ya Oktoba 1899 na Mei 1900, mji wa Mafeking huko Afrika Kusini ulipozingirwa kwa siku 217, aliwaona wavulana wa mji wakipewa kazi ya kupeleka barua na maagizo huku risasi zikipita. Walifanya kazi hiyo vizuri kuliko alivyotarajia, wakiongozwa na mwenzao, Warner Goodyear, aliyekuwa bado mtoto. Kisa cha Mafeking kina upande mwingine mchungu ambao vitabu vingi vya skauti huuruka: Waafrika wa mji ule ndio walioumizwa zaidi na njaa ya mzingiro. Mlezi wa Afrika anapowasimulia watoto historia hii hana budi kuwasimulia yote. Lakini alichojifunza Baden-Powell kuhusu watoto kinabaki kuwa kweli. Mtoto akipewa kazi ya kweli, anakua kufikia kimo chake. Akipewa kazi ya kuigiza, anaigiza.

Hilo ndilo la kushika katika yote yanayofuata. Kabla ya kumpa mtoto cheo chochote, mlezi ajiulize swali moja: asipofanya kazi hii, nani ataumia? Kama jibu ni hakuna, cheo hicho ni beji ya nguo.

Tatizo la kwanza la walezi wengi ni idadi. Mwalimu mmoja anatangaza skauti mstarini, na Ijumaa wanamjia watoto themanini. Baden-Powell mwenyewe aliandika kwamba aliona anaweza kuwalea vizuri wavulana 16 hivi; akawakadiria wengine kuwa na uwezo mara mbili yake, na ndipo akapendekeza kundi lisizidi 32. Jenerali mzima, aliyewahi kuongoza maelfu, aliona watoto 16 wanamtosha. Mwalimu mwenye vipindi ishirini na vitano kwa wiki asijilaumu kwa kushindwa na themanini.

Dawa yake ni kuanza na kikosi kimoja. Mlezi achague watoto wanane, akae nao muhula mzima, na kwa muda huo yeye mwenyewe ndiye kiongozi wa kikosi. Anapika nao, anafunga kamba nao, anakwenda nao kusafisha kisima. Wazazi wa wale sabini na wawili watauliza maswali, na mkuu wa shule atataka kuona mstari mrefu siku ya sherehe. Mlezi avumilie. Muhula wa pili, wale wanane wanakuwa viongozi na wasaidizi wa vikosi vinne, na sasa kundi la watu thelathini lina watu wanane wanaojua mambo yanavyokwenda. Njia hii ni ya polepole, na ndiyo inayodumu. Makundi yanayoanza na themanini mara nyingi humalizika mlezi anapohamishwa kituo.

Sasa vyeo vyenyewe. Katika kikosi cha watoto wanane, kila mtoto anaweza kuwa na kazi yake, na ni vizuri iwe hivyo. Wa kuanza naye si kiongozi. Ni mtunza vifaa, kwa sababu kazi yake inaonekana kwa macho.

Kila kikosi kiwe na sanduku lake. Linaweza kuwa la mbao, limepigiliwa na fundi wa mtaani kwa mabaki ya kazi nyingine, au hata ndoo kubwa yenye mfuniko. Ndani yake kuna sufuria mbili, mwiko, kisu, panga, kamba kadhaa za katani, kibiriti ndani ya kopo lisiloingiza maji, sabuni, tochi na turubai. Orodha imebandikwa upande wa ndani wa mfuniko. Mtunza vifaa anahesabu kabla ya safari na baada ya safari, kwa sauti, mbele ya wenzake. Panga likirudi na kutu, lina mwenyewe. Kibiriti kikilowa, kikosi hiki ndicho kitakachokula chakula baridi. Kundi lenye stoo moja ambayo ufunguo wake unakaa mfukoni mwa mlezi halina mtunza vifaa, hata kama jina hilo limeandikwa kwenye karatasi ya ofisini.

Mpishi naye ana kazi isiyojificha. Mtoto wa miaka 12 aliyewahi kusonga ugali wa watu wanane juu ya mafiga, moshi ukimwingia machoni na wenzake wamekaa wakimtazama, hatadharau tena kazi ya mama yake jikoni. Atajua pia kwamba maji huwekwa mapema, kwamba kuni mbichi haziwaki kwa kupuliziwa, na kwamba unga wa kilo moja na nusu unatosha kikosi lakini hautoshi kikosi kilichotembea kilomita kumi. Mambo hayo hayafundishwi ubaoni.

Mweka hazina apewe fedha, si daftari tupu. Watoto wakienda kambi ya siku mbili, mlezi atenge kiasi kile kile ambacho angekitumia mwenyewe kwa mlo mmoja wa kikosi, akikabidhi kwa mweka hazina na kiongozi wake, waende gengeni au sokoni wenyewe. Mara ya kwanza watanunua soda na kusahau chumvi. Mara ya pili watapatana bei ya nyanya kama watu wazima. Daftari lina safu tatu tu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mara moja kwa mwezi mlezi analipitia akiwa na mtoto mwenyewe ubavuni, si kwa kumvizia.

Wa huduma ya kwanza hubeba kisanduku kidogo, lakini kazi yake kubwa iko kichwani: anajua nani katika kikosi ana pumu, nani ana selimundu, nani akila karanga anavimba. Habari hizo azipate kwa ruhusa ya wazazi na asizifanye soga. Watoto hutunza siri vizuri zaidi kuliko wakubwa wanavyodhani, mradi waambiwe kwa nini ni siri.

Na yupo katibu. Huyu ndiye anayebeba daftari, na hapa ndipo ile karatasi ya darasani inapobadilishwa matumizi. Katibu wa kikosi anaandika nani hakuja, kama kiranja angefanya. Lakini jina la asiyekuja haliendi kwa mlezi ili apigwe. Linabaki kikosini ili kesho yake mmoja wao apite kwao kumjulia hali. Huenda anaumwa. Huenda mama yake amejifungua na hakuna wa kuchota maji. Huenda hana sare, na ameona aibu kusema. Mlezi akifanikiwa kuubadilisha mwelekeo wa daftari hili peke yake, asifanikiwe lingine lolote mwaka mzima, atakuwa amewafundisha watoto wanane uongozi kuliko walivyoupata katika miaka saba ya darasani.

Juu ya hawa wote yuko kiongozi wa kikosi na msaidizi wake. Swali linaloulizwa sana ni nani amchague. Kura ya siri ya wanakikosi ni njia nzuri, na ina hatari yake: watoto humchagua mcheza mpira hodari au mtoto wa mwenye duka. Mlezi kumteua peke yake kuna hatari kubwa zaidi, kwa sababu watoto watamwona kiongozi huyo kuwa mtu wa mwalimu, yaani kiranja yule yule. Njia inayofaa zaidi ni kukiacha kikosi kiishi pamoja kwanza, angalau kambi moja au miezi miwili ya mikutano, kila wiki mtoto tofauti akishika uongozi. Kisha wapige kura. Kufikia hapo wameshaona nani alibaki kuzima moto wengine walipokimbilia gari, na kura zao zinakuwa na busara inayowashangaza wakubwa. Msaidizi achaguliwe na kiongozi mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi ya skauti tangu mwanzo, maana ndiye atakayefanya naye kazi. Mlezi abaki na haki ya kusema hapana, na aitumie kwa nadra sana.

Kazi ndogo ndogo zizunguke kila muhula, ili mpishi awe mweka hazina na mweka hazina ashike panga. Uongozi wa kikosi usizunguke hivyo. Mtoto anahitaji karibu mwaka mzima ili akosee, aaibike, ajirekebishe na aone matunda. Kumwondoa baada ya wiki sita kwa jina la usawa ni kumtoa shambani mvua ya kwanza ikinyesha.

Baada ya uchaguzi, makosa mengi hutokea mahali pamoja. Mlezi anamkabidhi mtoto kikosi, kisha anaendelea kuwafundisha watoto wote mwenyewe, amesimama mbele na filimbi. Kiongozi wa kikosi amekaa mstarini na wenzake, hana la kufanya isipokuwa kunyamazisha watu. Ndipo anapogeuka kiranja, maana amebakiziwa kazi hiyo tu.

Viongozi wa vikosi, pamoja na wasaidizi wao, ndio kikosi cha mlezi. Hawa ndio wanafunzi wake. Kama mkutano wa kundi ni Ijumaa, mlezi akutane na hawa wachache Jumanne kwa saa moja. Awafundishe wao namna ya kufunga miti kwa kamba ili kupata kichanja cha vyombo. Wafunge, wafungue, wafunge tena hadi kichanja kisimame bila kuyumba. Ijumaa wao ndio wanaofundisha, kila mmoja kwenye kona yake, na mlezi anazunguka mikono ikiwa nyuma. Kichanja cha kikosi kimoja kitaanguka. Mikono ibaki nyuma. Roland Philipps, kijana wa Kiingereza aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu mfumo huu wa vikosi kabla ya kuuawa katika vita vya Somme mnamo Julai 1916, aliutetea kwa nguvu kwa sababu alikuwa ameuona ukifanya kazi kwa watoto wa mitaa ya mashariki ya London, waliokuwa maskini na wakorofi kama watoto wa mtaa wowote wenye msongamano.

Wenye vikosi hukaa pamoja katika Baraza la Heshima. Ni kikao cha viongozi wa vikosi, mlezi akiwapo kama mshauri asiyepiga kura. Hapo ndipo huamuliwa kambi itakuwa wapi, fedha zitatumikaje, nani amestahili beji, na lipi litafanyika kwa mtoto aliyeiba au aliyempiga mwenzake. Kinachozungumzwa humo hakitoki nje. Kwa mlezi hiki ndicho kikao kigumu kuliko vyote, kwa kuwa mara nyingine baraza litaamua jambo ambalo yeye asingeliamua. Likiwa halina hatari kwa mwili wala heshima ya mtu, aliache. Baraza ambalo maamuzi yake hupinduliwa ofisini halitaamua lolote tena. Watoto wataanza kukisia mwalimu anataka nini.

Mfano mzuri wa kazi ya baraza ni safari. Mzee Baden-Powell aliimalizia miaka yake Nyeri, chini ya Mlima Kenya, akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa hapo mjini. Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari aliyozaliwa, skauti wa Kenya na wa nchi nyingine humiminika Nyeri kulitembelea kaburi lake, ambalo jiwe lake limechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani inayomaanisha kwamba aliyeichora amekwenda nyumbani. Kundi la Nairobi linalotaka kwenda huko lina umbali wa kilomita 150 hivi mbele yake. Mlezi anaweza kukodi basi, kununua mikate na kuwaambia watoto wafike saa kumi na moja alfajiri. Au anaweza kulipeleka jambo hilo kwenye baraza miezi mitatu kabla. Kikosi kimoja kiulize nauli kwa makondakta watatu tofauti. Kingine kipange chakula na maji. Kingine kiandike barua za ruhusa kwa wazazi na kuzikusanya. Cha nne kijifunze historia ya mahali ili kiwasimulie wengine njiani. Mlezi anahakiki kila kitu kabla ya shilingi kutoka. Safari ni ile ile, na kaburi ni lile lile, lakini kundi la pili litarudi likiwa na watoto waliowahi kupiga simu kwa mtu mzima wasiyemjua na kuuliza swali la maana.

Wasichana wanastahili neno lao. Katika makundi ya mchanganyiko hutokea, bila mtu yeyote kupanga, kwamba kiongozi ni mvulana, katibu ni msichana mwenye mwandiko mzuri, na ikifika saa ya kupika, mwiko unapita mikononi mwa wavulana wote hadi umfikie dada. Mlezi asipoliangalia hili, skauti itakuwa inarudia ya nyumbani. Vikosi vya wasichana peke yao hulitatua kwa njia moja: humo kila kazi, ya panga na ya kalamu, ni yao. Vikosi vya mchanganyiko hulitatua kwa ratiba ya kazi iliyobandikwa na isiyobadilishwa. Mlezi awasikilize wasichana wa kundi lake wanataka ipi, na kambini pawe na mwanamke mtu mzima tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Kisha, kiongozi atashindwa. Hili ni la hakika kama mvua za masika. Usiku wa kambi ya kwanza moto utakataa kuwaka, saa tatu usiku watu hawajala, wawili wanalia na mmoja anataka kwenda kwao. Kila mshipa wa mlezi utamwambia ainuke, akawashe moto ule kwa dakika mbili. Asiinuke mapema. Akae mahali anapoonekana, amuite kiongozi pembeni, amuulize maswali mawili: umejaribu nini, na nani katika kikosi chako anajua zaidi yako? Mara nyingi yupo mtoto mmoja, mkimya, ambaye huwasha moto wa kuni nyumbani kila siku na hakuna aliyemuuliza. Kiongozi aliyejua kumtafuta mtoto huyo amejifunza kazi yake. Na mlezi mwenye akili huwa na mikate na karanga kwenye begi lake, asizozitaja kwa mtu, ili kosa la kikosi liishie kwenye chakula kuchelewa na lisifike kwenye watoto kulala njaa.

Baada ya hapo mazungumzo ni ya watu wawili, kesho yake, mbali na masikio ya wengine. Kiongozi aliyekaripiwa mbele ya kikosi chake hawezi tena kukiongoza.

Kosa la aina nyingine halihitaji subira hiyo. Kiongozi anayepiga, anayetoza wadogo fedha, anayewapa adhabu za kuruka na kutambaa au kuwadhalilisha wageni wa kikosi, asimamishwe siku hiyo hiyo na jambo lake lipelekwe barazani. Walezi wengine huita mambo hayo ukakamavu. Ni uonevu, na mtoto aliyeonewa akiwa mgeni ndiye atakayeonea akiwa mwenyeji.

Kumwachia mtoto uongozi hakumwondolei mtu mzima ulinzi. Maji ya kina, barabara kuu, panga mikononi mwa wadogo kabisa, moto karibu na mahema, safari za usiku: haya mlezi anayasimamia mwenyewe, na baraza liambiwe tangu mwanzo kwamba hayapigiwi kura. Harakati ya skauti duniani ina sera ya kuwalinda watoto dhidi ya madhara, na kanuni yake moja ni rahisi kuikumbuka: mtu mzima asikae faraghani na mtoto mmoja peke yake. Watu wazima wawe wawili au zaidi katika kila kambi. Nchini Kenya, ambako skauti hupanda ngazi za Sungura, Chipukizi, Mwamba na kisha Jasiri, vijana wa ngazi ya Jasiri waliokwisha kutimiza miaka 18 wanaweza kumsaidia mlezi sana hapa, mradi nao wamefundishwa kanuni hizo.

Wazazi wataleta hoja ya mitihani, na hoja yao ni ya haki. Mtoto wa darasa la saba nchini Tanzania hufanya mtihani wake Septemba. Kumwachia kikosi hadi Agosti ni kumwonea yeye na kikosi. Kalenda ya uongozi ifuate kalenda ya shule. Kiongozi aanze akiwa darasa la sita, na kufikia Aprili ya darasa la saba msaidizi wake awe ameshaendesha kambi moja peke yake. Mlezi akiwaeleza wazazi mpango huu mwanzoni mwa mwaka, kwenye kikao, huku daftari la hazina na orodha ya sanduku vikipita mikononi mwao, wengi watatulia. Baba anayeona mwandiko wa mwanawe kwenye hesabu za nyanya na mafuta, zikiwa zimelingana, huwa hahitaji hotuba ndefu.

Siku ya makabidhiano isifanywe kwa hotuba pia. Kikosi kikae kwenye kona yake, sanduku katikati. Kiongozi anayeondoka anafungua mfuniko, anasoma orodha, na kiongozi mpya anainua kitu kimoja kimoja ili wote wakione: sufuria mbili, mwiko mmoja, panga, kamba saba. Zilikuwa nane. Mtunza vifaa anaeleza ya nane ilikatikia wapi. Katibu anaandika, kiongozi mpya anatia sahihi, na yule wa zamani anakwenda kukaa na wadogo, mwisho wa duara, kusubiri aambiwe leo atachota maji au atakata kuni.